Mwenye Shali

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya kukata masikio. Mvua hakuna, na hata mawingu ya kutudanganya hakuna.

Oom Apollus amefika asubuhi na pikapu yake, akapiga honi mpaka Mama akaamka na kulaani. Nyuma ya gari kulikuwa na fisi kahawia, jike, kapigwa risasi moja ubavuni, na kando yake gunia lenye mwanakondoo. Mdogo wangu Ruben, ambaye ni msimamizi wa shamba lake, alikuwa amekaa nao hukohuko nyuma, kajifunika blanketi mpaka puani.

"Drina, mwizi wangu huyu hapa," amesema Oom. Ni Oom, yaani mjomba, kwa kila mtu hapa kijijini Aus, hata kwa wanaomzidi umri. "Nimemkuta alfajiri nje ya uzio, mwanakondoo mdomoni. Wa kumi na moja huyo tangu waanze kuzaa. Safari hii nimemdaka mdomo umejaa."

Anataka fisi asimame mapokezini kwenye kambi yake mpya ya wageni, itakayofunguliwa tarehe thelathini Agosti. Mdomo wazi, meno nje, mguu mmoja juu ya mwanakondoo. Karatasi ya kibali kutoka ofisi ya wanyamapori alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Fisi wa aina hii hasimami hivyo, Oom. Hana makeke. Anajipitia zake tu, kichwa chini."

"Huyu wangu atasimama hivyo."

Basi atasimama hivyo. Kazi yangu ni kuwavua ngozi waliokufa na kuwasimamisha tena, na anayelipa ndiye anayechagua sura. Miaka kumi na minane nimeifanya Windhoek kwenye karakana ya watu, na sasa ni wa tano naifanya nyuma ya nyumba ya mama yangu. Nimewafanya wapole wakawa wakali mara nyingi.

Oom ameongeza kwamba Lasarus Vleermuis, mlinzi wa zizi, ataondoka mwisho wa Agosti wanakondoo wakishakua. "Mtu analala mlangoni mwa zizi, fisi anaingia mara kumi na moja, yeye hana habari. Amerudia chupa, huyo." Nilisema sishangai. Sijamsamehe Lasarus tangu siku tuliyomzika Baba, alipokuja kalewa akaanguka ukingoni mwa kaburi mbele ya mchungaji. Ruben hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia gunia.

Mama katoka na fimbo yake. Macho yake hayaoni tena zaidi ya mwanga, lakini aliinama, akapapasa shingo ya yule mnyama pale penye manyoya marefu meupe, akayachana kwa vidole.

"Mwenye Shali," akasema. Katika maisha yake yote sijamsikia akisema fisi. "Nani kakuleta kwangu?"

Jumanne, 3 Juni

Nimechukua vipimo vyote na nakala ya uso wake kwa plasta. Upepo wa mashariki.

Jumatano, 4 Juni

Nimeshinda karakanani tangu kahawa ya asubuhi. Nimenawa mara tatu na mikono bado inanuka. Nataka kuandika hili lote kabla sijaanza kulibadilisha kichwani.

Huyu bibi fisi alikuwa mzee. Meno ya mbele yamelika, na chonge moja ya juu ilivunjika zamani hata kingo zake zimelainika. Ngozi ya shingo ni nene, imejaa makovu ya kuumwa na wenzake. Nimemvua taratibu, nikageuza miguu, nikatoa gegedu la masikio bila kuyatoboa, kazi inayotaka subira kuliko zote, kisha nikaipaka ngozi chumvi.

Tumbo kwa kawaida silifungui. Leo nimelifungua kwa sababu nilitaka kuwaona hao wanakondoo wa Oom. Nimekuta mbegu za tikiti la jangwani, vipande vya ganda la yai la mbuni, mende, mfupa mkavu wa zamani ambao hakuna mwingine angeuona kuwa chakula. Sufu pia imo. Kweli alikula kondoo.

Kisha nikamgeukia mwanakondoo, ambaye alikuwa mdogo hata mkono wangu mmoja ulimtosha.

Watu wote huangalia ngozi kwa nje. Sisi tunaozivua huziangalia kwa ndani kwanza. Jino likimwingia mnyama aliye hai, damu huvilia chini ya ngozi, na kila tundu huwa na doa la zambarau kulizunguka. Likimwingia aliyekwisha kufa, tundu linabaki kavu na jeupe. Nimehesabu matundu ya meno tisa shingoni na begani. Yote tisa meupe. Fisi alimwokota mfu.

Na kulikuwa na la kumi, ambalo si la jino. Chini ya sikio la kulia, refu kama kiungo kimoja cha kidole, kingo zimenyooka, na ndani yake damu nyeusi kama lami.

Mkato huo naujua. Baba alichinja wanakondoo wa karakul maisha yake yote, na enzi hizo ngozi ndiyo iliyokuwa mali, kwa hiyo alitufundisha njia ya kutoiharibu: ncha ya kisu chini ya sikio, mkato mfupi, halafu unamkumbatia mpaka atulie. Wengine hapa hukata koo lote. Baba alichoma upande wa kushoto wa shingo. Mimi pia kushoto. Anayechoma kulia kati yetu ni mmoja tu, kwa sababu kisu hukishika kwa mkono wa kushoto.

Nimeikunja ngozi. Nimeikunjua. Nimeikunja tena.

Alhamisi, 5 Juni

Upepo. Ngozi mbili kwenye chumvi. Sijala.

Jumapili, 8 Juni

Ruben alikuja baada ya ibada, kama kawaida yake anapojua kuna kichwa cha kondoo jikoni. Nilimwacha ale kwanza.

"Ile ngozi ya mwanakondoo ina tundu nisilolielewa," nikasema.

"Fisi ana meno, Dada. Au Windhoek hawakukufundisha?"

"Hili limenyooka."

Aliacha kutafuna. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kuficha kitu mgongoni. "Wewe shona tu. Si ndiyo sifa yako, kwamba mshono wa Drina hauonekani?"

Ndiyo sifa yangu. Huko Windhoek walikuwa wakiwaita wateja waje wautafute mshono wangu, na hawakuuona.

Jumatano, 11 Juni

Mvua hakuna. Ngozi zimetoka kwenye chumvi, zimeingia kwenye dawa.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua hakuna. Maji ya bomba yameganda mpaka saa nne.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nilizitoa ngozi kwenye dawa nikazitandika mezani, nikaenda kuleta kuni. Niliporudi nilimkuta Mama karakanani, ngozi ya mwanakondoo ipo mapajani, vidole vyake vinatembea upande wa ndani. Alifika chini ya sikio, akasimama.

"Baba yako amekufa miaka kumi na tisa," akasema, "na mkono wake bado unachinja."

Nilikaa chini kwenye ndoo.

"Kulia," akasema Mama.

"Kulia, Mama."

Aliigeuza ngozi, manyoya juu. "Ruben ana watoto wanne na mke mwenye mimba. Nyumba ni ya Apollus, maziwa ni ya Apollus. Akitoka pale ataenda wapi? Usimuuze mdogo wako kwa ajili ya Mwenye Shali. Huyo hata ukisema hafufuki."

"Si kwa ajili yake, Mama. Kuna Lasarus."

"Lasarus alimwangukia baba yako kaburini."

"Najua. Nilikuwepo."

Ameniachia ngozi, kaenda jikoni kukanda unga wa mikate ya makaa. Nimemsikia akiupiga unga kwa hasira kuliko ulivyohitaji. Nina hasira na Ruben, na Mama naye nina hasira naye, kwa sababu aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nimeshajiambia mwenyewe siku kumi na tano.

Jumanne, 24 Juni

Nimekivika kiwiliwili cha povu gumu ngozi ya fisi, kujaribu. Mabega ni sawa. Taya nimelifungua kama Oom alivyotaka. Anaonekana kama mtu anayepiga chafya.

Jumamosi, 28 Juni

Lasarus Vleermuis amekuja.

Alipewa lifti na gari la posta mpaka kituo cha mafuta, akatembea kutoka pale. Alisimama nje ya mlango wa karakana, kofia mkononi, mpaka nikamwambia aingie. Amekonda. Ndevu amenyoa vizuri. Hakunuka pombe, alinuka sabuni ya bluu na moshi. Nilimnusa kwa makusudi, na naandika hivyo kwa aibu.

"Nimekuja kumwona," akasema.

"Mwone."

Alimzunguka fisi kwa taratibu. Ngozi ilikuwa bado haijagundishwa, na macho ya kioo yalikuwa kwenye kisahani, kwa hiyo alikuwa anatazamwa na matundu mawili tu.

"Huyu namjua. Mwaka wa saba huu. Alikuwa anapita nyuma ya zizi, pale alipo Anna, ananusa nyasi, anaenda zake. Hajawahi kugusa uzio." Anna ni mkewe. Kamzika pale shambani, nyuma ya zizi, na mawe amepanga mwenyewe. Amekaa shamba lile miaka thelathini na moja. "Drina, wewe umemwona kwa ndani. Tumboni mwake, sufu ilikuwemo?"

"Ilikuwemo."

Alitikisa kichwa mara nyingi. "Basi aliingia." Akakaa kwenye sanduku la plasta bila kukaribishwa. "Mimi nakaa mlangoni mwa zizi kwenye debe langu. Nakunywa kahawa. Nasikiliza kondoo wakikohoa, najua kila mmoja na kikohozi chake. Asubuhi naapa sijafumba jicho. Ruben anakuja, anahesabu, amepungua mmoja. Kesho tena. Mara ya kumi na moja nikajiambia, Lasarus, wewe unalala na hujui kama unalala. Sijaonja pombe miaka sita. Labda ile ya zamani ndiyo imeniharibu kichwa."

"Labda ni uchovu," nikasema.

"Kuondoka nitaondoka. Mtu huondoka. Anna atanisamehe. Lakini nataka kujua kama bado najijua. Wewe unaelewa mambo haya ya wanyama. Je, fisi anaweza kumpita mtu mlangoni, mtu yuko macho, na asimwone?"

Nilimwambia, "Sijui, Lasarus."

Ndivyo nilivyosema. Na ngozi ya mwanakondoo ilikuwa kwenye beseni, hatua mbili kutoka alipoweka kofia yake.

Alishukuru. Alipofika getini alikuta bawaba ya chini imelegea, ile ambayo nimekuwa nikiipiga teke tangu Pasaka. Akachutama, akaikaza kwa ncha ya kisu chake, akalijaribu geti mara mbili, akaenda.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda ibadani.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua hakuna. Masikio ya fisi yanakauka vibaya kwa baridi hii, la kushoto linajikunja. Nimelibana kwa kadibodi na pini.

Jumamosi, 12 Julai

Midomo haikai. Nimeijenga kwa udongo mara tatu. Ukimfungua huyu mnyama taya na kumkunja pua kama mbwa mkali, uso wote unakuwa wa mnyama mwingine. Plasta niliyomchukua kabla ya kumvua ipo ukutani, nayo haina hasira yoyote. Ni uso wa bibi aliyechoka kutembea.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda shambani kwa Oom kupima pale mapokezini. Oom hakuwepo. Nikamkuta Ruben zizini mchana ule, anamwaga majani makavu ya kununua, kidogokidogo, kama anayetia chumvi.

Niliwatazama wale kondoo majike. Mifupa ya nyonga imetoka, lakini wamesimama kwa miguu yao. Sikuona hata mmoja amelala ubavu.

"Wote wazima," Ruben akasema. Alikuwa ananitazama nikiwatazama. "Hata mmoja hajafa. Shamba la jirani wamekufa arobaini, na wanakondoo wao wamekufa hivyohivyo. Umeshajibu swali lako au bado?"

"Nataka unijibu wewe."

Aliweka ndoo chini. "Hawakuwa na maziwa, Dada. Unakamua linatoka tone, la njano. Mwanakondoo anamnyonya mama yake mpaka anamnyonya damu, halafu wanakufa wote wawili. Baba angefanya nini mwaka wa ukame?"

"Angepunguza wale wadogo."

"Angepunguza wadogo. Nilimwambia Oom. Akasema hapana, kila anayezaliwa aishi, anataka kundi likue. Yeye wa kukaa kwenye gari ananiambia mimi habari za matiti ya kondoo." Alijipangusa majani mikononi. "Nilikuwa nachukua mmoja jioni, kabla Lasarus hajashika zamu. Nilifanya vizuri, kama tulivyofundishwa. Nilimkumbatia kila mmoja mpaka akatulia. Halafu namweka nje ya uzio, kule kwenye mawe, kwa yule bibi. Akawa ananisafishia. Asubuhi nahesabu, nasema fisi. Sikudhani Oom angemvizia. Na Lasarus sikumfikiria kabisa, Dada, hilo nakuapia. Nilipoanza kumfikiria walikuwa wameshafika saba."

"Lasarus anadhani kichwa chake kimeharibika."

"Najua."

"Unajua?"

"Ananiuliza kila asubuhi. 'Ruben, ulinikuta nimelala?' Namwambia, sikuona, Lasarus, nilikuwa nahesabu."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika kichwa kama alipokuwa na miaka mitano. Sikufanya lolote. Nilimwambia kwamba fisi atakuja mapokezini tarehe thelathini Agosti, na siku hiyohiyo Lasarus anafungasha. Kabla ya hapo amwambie Oom kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi sitamtangulia.

"Na nisiposema?"

"Utasema."

"Nitatoka, Dada. Na hawa wote nyuma yangu."

"Mtakuja kwangu."

"Karakanani? Na vichwa vya swala?" Akajaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

Njiani kurudi niliwaza kwamba kila alichokifanya Ruben zizini kilikuwa sawa, na kwamba mimi pia ningekifanya. Neno lile moja la asubuhi, fisi, ndilo lililokuwa kosa. Na mimi nina langu: sijui.

Jumamosi, 2 Agosti

Theluji. Imekaa juu ya mawe yote mpaka saa tano, watoto wa shule wameila. Mvua hakuna.

Jumapili, 10 Agosti

Ruben hakuja kula.

Jumapili, 17 Agosti

Mvua. Imeanza saa sita mchana, ya upole, haikusimama mpaka jioni. Mama kakaa mlangoni na kiganja nje. Nimesikia watu wakiitana barabarani kana kwamba kila mmoja ndiye wa kwanza kuiona. Nimelia kidogo. Kondoo wa Oom wataishi, na aliyewaokoa ni Ruben, na hilo haliwezi kusemwa bila kusema lile lingine.

Ruben hakuja.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimechukua msumeno nikalikata taya nililolitengeneza. Nimelijenga upya nikifuata plasta ya ukutani. Kichwa nimekishusha. Shingo, pale shali inapoanza, nimeichana kwa chanuo la Mama.

Mama aliuliza ni kelele gani. Nikamwambia namfunga mdomo.

"Apollus atakataa kuchukua."

"Akatae."

Akasimama pale mlangoni, mkono kwenye fremu. "Hajasema, siyo?"

"Hajasema."

"Nilimbeba yule mtoto miezi tisa na akazaliwa akitanguliza miguu," Mama akasema. "Tangu siku ile hajui kuanza jambo kwa kichwa." Kisha akaniambia uzi wake mweusi, ule mnene wa kushonea viraka vya gauni, uko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nilikuwa sijamwambia ninachotaka kufanya. Sikuwa nimejiambia hata mwenyewe.

Jumanne, 26 Agosti

Mwanakondoo amekamilika. Matundu ya meno tisa nimeyashona kwa uzi wangu wa kawaida. Yatafute, huyaoni.

Jumapili, 31 Agosti

Naandika mambo ya jana.

Oom alialika nusu ya Aus. Mchungaji aliomba, nyama zilikuwa nyingi, wanawake walivaa gauni zao za sikukuu, za viraka vya rangi. Lasarus alikuwa nje anapeleka kuni kwenye moto. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kamba, limekaa ukutani chini ya dirisha. Ruben alisimama karibu na mlango wa jiko, kikombe mkononi, na tulipoonana alitazama pembeni. Nilimsubiri. Nilisubiri mchungaji akamaliza, nikasubiri Oom akamaliza hotuba. Kisha Oom akavuta shuka lililomfunika fisi.

Mwenye Shali alikuwa amesimama kichwa chini, shali imemwangukia mabegani, mguu mmoja mbele, anakwenda zake. Mdomoni alimbeba mwanakondoo, bila kumuuma, kama anavyobeba chochote cha kupeleka nyumbani.

Watu walisogea. Mmoja akasema ni mzuri. Oom akaniita kando, lakini sauti yake haijui kando.

"Nilisema mdomo wazi, Drina. Nilisema meno."

"Nimemweka ulivyomkuta, Oom. Ulimkuta amebeba."

Akasogea kumwangalia karibu. Akainua kidevu cha mwanakondoo kwa kidole, na pale chini ya sikio la kulia akakutana na uzi wa Mama, mishono minne mieusi, minene, ya kuonekana na kipofu.

"Hii nini? Wewe hushoni hivi."

"Hapo palikatwa, Oom. Nimeshona palipokatwa."

"Na meno ya fisi?"

"Meno yaliingia kwa mfu. Yote tisa. Hakukuwa na damu hata tone."

Oom ana kondoo miaka arobaini. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliinama tena, akapima mkato kwa kiungo cha kidole chake, na nikaona akihesabu kichwani ni nani hapa aliyefundishwa na Baba. Alianza na mimi. Aliniangalia mikono. Na hapo Ruben, karibu na mlango wa jiko, akahamisha kikombe kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Hakuna aliyekuwa anamtazama mpaka alipofanya hivyo. Mkono ule hajauzoea, kahawa ikamwagikia viatu.

Oom akamgeukia.

"Ni mimi, Oom," Ruben akasema. "Wote kumi na moja. Maziwa hayakuwepo. Nilikuambia maziwa hayakuwepo."

Mkewe Ruben, tumbo lake mbele, alikaa kwenye kiti cha karibu na kujifunika uso kwa mikono. Watu walianza kutazama sahani zao.

Sijui nani alimwita Lasarus. Labda hakuitwa, labda ni mazungumzo kukatika ndiko kulikomwingiza. Alikuja na gome la kuni bado limemkwama kwenye mkono wa koti. Walimpisha. Alifika mbele ya fisi, akamsalimu kwa kichwa kama mtu anayemjua, akachutama, akaweka kidole kwenye mishono ile na kuipitia mmoja mmoja.

"Kwa hiyo sikulala," akasema.

Ilikuwa zamu yangu kujibu.

"Hukulala, Lasarus. Nilijua tangu tarehe nne Juni."

Alibaki amechutama. Niliona akizirudia siku kichwani, Julai, Juni, mpaka akafika kwenye sanduku la plasta karakanani kwangu.

"Nilikuja kukuuliza," akasema.

"Ulikuja."

Aliinuka kwa kushika magoti. Akavaa kofia yake humohumo ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoka, akalichukua sanduku lake chini ya dirisha na kulirudisha nyumbani kwake, nyuma ya zizi. Oom alimtazama akipita na hakumzuia.

Jumapili, 7 Septemba

Mvua nyingine, fupi. Milima imeanza kuwa na rangi.

Ruben na watu wake wako kwetu tangu Jumatano. Watoto wanalala karakanani na vichwa vya swala, kama alivyosema. Hajaniambia neno, lakini leo baada ya chai aliingia, akachukua kisu cha Baba ukutani, akaanza kukwangua ngozi niliyokuwa nimeiacha mezani. Nilimsogezea taa. Mama aliuliza kutoka jikoni nani anakwangua, nikasema tunakwangua wawili.

Lasarus amebaki. Oom kampa zizi lote, na Mwenye Shali yuko mapokezini na uzi wake, Oom hataki auguswe. Jana nilimwona Lasarus kituo cha mafuta. Nilimwamkia. Aliinua kofia kidogo, kama anavyomwinulia mtu yeyote, akapanda gari la posta.

Upepo wa juzi umeilegeza tena bawaba ya geti. Nimechutama nikaikaza mwenyewe.